Bodi Haiozi, Chuma Chake Kinaoza: Kununua na Kufufua Studebaker Avanti

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi mliokuja kwa sababu mnafikiria kununua gari la zamani kwa mara ya kwanza, karibuni.

Mada yetu ni Studebaker Avanti ya mwaka 1963 na 1964. Kati ya magari adimu ya Marekani, hili huwadanganya wanunuzi kuliko mengi ya rika lake, na huwadanganya kwa kitu kilekile kinachosifiwa: bodi ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ngumu ya resini. Mnunuzi analizunguka gari, haoni tundu wala malengelenge ya kutu chini ya rangi, anatoa fedha. Muda si mrefu gari liko juu ya stendi na mlango haufungi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maneno yangu itakuwa chini ya gari.

Lilibuniwa mwaka 1961 huko Palm Springs, California, na kikundi cha mbunifu Raymond Loewy: Tom Kellogg, Bob Andrews na John Ebstein. Aliyelitaka ni rais wa kampuni, Sherwood Egbert, na alilitaka upesi. Haraka hiyo inaeleza karibu kila tutakachokikuta. Kuchonga kalibu za kukandamiza bati kungekula fedha na muda ambao kampuni haikuwa nao, basi bodi zikaagizwa za faibaglasi kutoka Molded Fiber Glass ya Ashtabula, Ohio, waliokuwa wakitengeneza pia sehemu za bodi ya Corvette. Fremu ikachukuliwa ya Lark, gari lingine la Studebaker, ile isiyo na paa gumu, kwa kuwa tayari ilikuwa na msalaba wa chuma katikati. Injini ni V8 ya Studebaker wenyewe, ya inchi za ujazo 289, yaani karibu lita 4.7. Magari yaliyotoka South Bend, Indiana, kabla uzalishaji haujasimama Desemba 1963 ni 4,643 tu: 3,834 huhesabiwa kuwa ya 1963, na 809 ya 1964.

Pamoja na uadimu huo, gari hili si yatima. Injini, breki, ekseli na usukani vina undugu wa karibu na Lark na Hawk, magari ya Studebaker pia, kwa hiyo vipuri vingi vya mitambo vinapatikana. Tena, Nate Altman na Leo Newman, waliokuwa wauzaji wa magari ya Studebaker, walinunua haki na vifaa vya kulitengenezea wakaliendeleza kwa jina la Avanti II kuanzia 1965, hivyo sehemu nyingi za bodi ziliendelea kutengenezwa. Hapo pana mtego wake. Avanti II ni gari zuri lakini si Studebaker: injini yake ni ya Chevrolet, pua yake imeinuka zaidi, na namba zake za mwanzo zilianza na herufi RQA. Asikuuzie mtu hilo kwa bei ya lile.

Basi anza na namba. Gari la 1963 lina namba inayoanza na 63R, na hesabu ilianzia 1001. Za 1964 zikaendelea hadi 5643 kwa herufi R pekee. Usipime mwaka kwa umbo la taa za mbele, maana fremu za taa za pembe nne zilikuja baada ya baadhi ya magari ya 1964 kuwa yameshatoka na taa za duara. Kisha nenda kwenye injini. Namba yake imegongwa juu ya bloku, sehemu ya mbele upande wa kushoto, mbele ya silinda hedi. Herufi R pekee hapo kwenye injini ni R1, isiyo na supachaja (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), yenye mgandamizo wa 10.25 kwa 1. Herufi RS ni R2, yenye supachaja ya Paxton na mgandamizo ulioshushwa hadi 9 kwa 1. R3, injini yenye nguvu kuliko hizo mbili, zilizotoka kiwandani ndani ya Avanti ni 9 tu. Anayekuambia anayo ya kumi akuoneshe karatasi. Karatasi hizo zipo: Jumba la Makumbusho la Taifa la Studebaker, pale South Bend, linahifadhi oda za uzalishaji, na kwa namba ya gari utapata nakala inayotaja injini, gia boksi, rangi na vifaa lilivyotoka navyo. Nakala hiyo iagizwe kabla ya kulipa.

Kwa R2, ukamilifu una thamani kuliko mng'ao. Hesabu: supachaja yenyewe, mabano yake, puli, kofia ya kabureta, mabomba ya hewa, pampu ya petroli ya aina yake, na kabureta ya Carter AFB iliyozibwa shafti zake ili ihimili hewa yenye presha. Vitu hivi vikikosekana, kimoja kimoja vitakutafuna fedha kuliko kazi ya rangi. Ningechukua gari lililofifia lenye vyote hivyo, nikaliacha linalong'aa lenye kabureta ya dukani.

Sasa tulale chini.

Ndani ya kingo za bodi, chini ya kila mlango, pana mhimili wa chuma wenye umbo la hori, umepigiliwa ribiti kwenye faibaglasi kutoka karibu na gurudumu la mbele hadi karibu na la nyuma. Mihimili hii miwili ndiyo uti wa mgongo wa bodi. Faibaglasi ina nguvu ya kuvutwa lakini hupinda. Bila mihimili, bodi hulegea katikati, uwazi wa mlango hubadilika umbo, na nyufa hutokea kwenye pembe za madirisha. Gurudumu la mbele hurusha tope na maji, tope hujaa ndani, matundu ya kutolea maji huziba, na chuma huoza kutoka ndani kwenda nje huku lami ya kinga iliyopakwa chini ikibaki nzima kama ganda. Ndiyo sababu macho hayatoshi.

Ukaguzi wake ni huu. Gari likiwa kwenye sakafu bapa, funga na kufungua kila mlango, ukitazama mwanya wa juu nyuma ya kioo na mwanya wa chini. Weka jeki chini ya fremu, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, inua hadi tairi liachane na sakafu, kisha fungua mlango tena. Mlango ulioanza kukwama au mwanya uliobadilika waziwazi unakuambia kuwa mhimili haubebi kitu. Baada ya hapo chukua bisibisi, uichomeke kila inchi chache kutoka mbele hadi nyuma, hasa ncha zote mbili. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Kama kuna tundu, pitisha kamera ndogo ya kukagulia. Muuzaji akikukatalia kuchomeka bisibisi, hesabu kwamba mihimili yote miwili inahitaji kubadilishwa na ushushe bei ipasavyo, au uondoke.

Kubadilisha kunawezekana bila kutoa bodi kwenye fremu, na kanuni yake haina msamaha: upande mmoja kwanza, mpaka uishe. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja bodi itakaa ilivyopenda, na hakuna atakayeirudisha.

Gari lisimame juu ya stendi nne chini ya fremu, limepimwa kwa pima-maji. Milango ibaki mahali pake. Chini ya bodi weka ubao mnene na jeki za skrubu sehemu tatu, uinue taratibu, robo mzunguko kwa zamu, hadi mwanya wa mlango ulingane juu na chini. Hapo ndipo unapopima hanamu mbili za uwazi wa mlango, kutoka pembe hadi pembe, na kuandika. Funga pia bomba la chuma kwa bolti kati ya nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa, ili umbo lisihame utakapotoa mlango. Kwenye kila kishikizo cha bodi na fremu utakuta vipande vyembamba vya kusawazisha. Hesabu vya kila mahali, vifunge kwa waya, viandike. Vikichanganyika, utatumia wiki kutafuta mlango uliokuwa umekaa sawa.

Bolti za vishikizo zitakatika. Zimwagie mafuta ya kulegezea kutu siku kadhaa mfululizo. Moto wa gesi usikaribie hapo, kwa sababu resini inawaka na moshi wake ni sumu. Bolti iliyogoma ikatwe kwa diski. Ribiti zitolewe kwa drili ya kipenyo chao. Anayetumia tindo hung'oa na faibaglasi, halafu anatengeneza vitu viwili badala ya kimoja.

Mhimili wa zamani ukitoka, safisha ukingo wa faibaglasi, ziba nyufa na matundu yaliyopanuka, ndipo ujaribishe mpya kwa bolti za muda. Mipya hupatikana ya chuma chenye zinki na ya chuma kisichoshika kutu. Kama umechagua hiki cha pili, tumia ribiti za chuma hichohicho: alumini ikigusana nacho mahali penye unyevu huliwa haraka, na ribiti zitaanza kuachia. Kila baada ya ribiti sita au saba, rudi kwenye hanamu zako na ufunge mlango. Mwisho nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani, na uhakikishe matundu ya maji yako wazi. Ukiwa huko chini, kagua msalaba wa fremu na vishikizo vya springi za nyuma kwa bisibisi ileile.

Juu ya bodi sitakaa muda huohuo, ila makosa matatu nimeyaona kwa mafundi wazuri wa bati. La kwanza ni kutoa rangi kwa kemikali kali ya bati. Hupenya kwenye resini, kisha hutokeza malengelenge miezi baada ya rangi mpya. Tumia wembe mpana na msasa, kwa subira, na usipige mchanga wa presha. La pili ni kujaza ufa kwa fila. Ufa wa faibaglasi utarudi palepale, kwa kuwa nyuzi zilizobeba mzigo zimekatika na fila haina nyuzi. Saga ufa kwa mteremko mpana, upana wa mteremko uwe kama mara 12 ya unene, kisha weka mkeka wa nyuzi za kioo tabaka kwa tabaka, na inapowezekana tabaka moja kwa nyuma pia. Tafuta kilichosababisha ufa kabla ya kuuziba: mara nyingi ni mhimili, kishikizo cha bodi, au bawaba iliyokazwa kupita kiasi. La tatu ni kuchanganya aina za resini bila mpango. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani, lakini poliesta mpya haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukianza na epoksi malizia nayo. Kigumisho cha poliesta ni asilimia 1 hadi 2. Ukizidisha, resini huchemka, hugeuka kahawia na kupasuka. Vumbi la nyuzi za kioo linakaa mapafuni: barakoa ya chujio, si kitambaa.

Michirizi mirefu iliyonyooka inayoonekana chini ya rangi ni viungo vya paneli. Itarejea kama rangi imepigwa upesi. Acha praima ikae wiki kadhaa mahali penye joto ili isinyae yote, halafu piga msasa tena.

Umeme. Hapa faibaglasi ina athari ambayo fundi aliyezoea magari ya bati husahau: bodi haipitishi umeme. Kila taa, honi, geji na feni ina waya wake wa erthi hadi kwenye chuma, na waya ule ukiwa na kutu taa hufifia, geji ya petroli hudanganya, viashiria hupepesa pamoja na taa za breki. Watu hubadilisha swichi za darini juu ya kioo cha mbele bila sababu. Chukua mita, washa taa, pima kati ya ganda la taa na nguzo hasi ya betri. Zaidi ya volti 0.2 ni erthi mbaya. Safisha vituo vyote hadi chuma king'ae, na uweke waya mnene kati ya injini na fremu na mwingine kati ya fremu na betri.

Breki za mbele ni za diski, Avanti ikiwa miongoni mwa magari ya kwanza ya Marekani kutoka kiwandani nazo zikiwa za kawaida. Ni mfumo wa Dunlop uliotengenezwa na Bendix. Kila kalipa ina silinda mbili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na gari lililokaa miaka bila kuendeshwa huwa na silinda zilizotoboka vidoto vya kutu. Kusugua hakusaidii: pistoni itavuja wiki ya kwanza au itagoma kurudi, na pedi itaburuta hadi diski ipate rangi ya buluu. Tuma silinda zivikwe bushi ya chuma kisichoshika kutu, na fanya vivyo hivyo kwa masta silinda. Badilisha mabomba yote ya mpira ya breki, na mabomba ya chuma pia kama hujui umri wake. Ukikuta masta silinda yenye saketi moja, yaani njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote, weka ya saketi mbili. Uvujaji mmoja mdogo hautakuacha bila breki kabisa. Najua kuna wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Kwenye rangi na vitambaa naungana nao. Kwenye breki, hapana.

Nyuma, kitovu cha gurudumu kimekaa kwenye shafti yenye mteremko na kimeshika kwelikweli. Kinatoka kwa puli nzito ya kuvutia iliyofungwa kwenye bolti zote za gurudumu, basi. Ukigonga ncha ya shafti kwa nyundo kubwa, pigo linakwenda kwenye beringi na hadi ndani ya difu. Acha nati imekaa mizunguko michache kwenye nyuzi, maana kitovu kikiachia huruka kwa nguvu ya kuvunja goti.

Injini hii ni ngumu kweli: kranki ya kufuliwa, kamshafti inayozungushwa kwa gia bila cheni. Adui yake ni joto, na mara nyingi chanzo hakiko kwenye rejeta. Mchanga wa kalibu na kutu hukaa chini kabisa ya njia za maji, hasa nyuma ya bloku. Toa plagi za kukaushia maji zilizo ubavuni mwa bloku, kushoto na kulia. Mara nyingi hakuna kitakachotoka. Choma kwa waya mgumu, peleka maji ya presha, choma tena, hadi yatiririke meupe. Ikiwa tope limekuwa jiwe, toa vizibo vya bati vya bloku ufanyie kazi kupitia hapo. Kumbuka pia kwamba gari hili halina grili ya kawaida na huvuta hewa chini ya bampa. Paneli za kuelekeza hewa mbele ya rejeta zikikosekana, rejeta mpya haitakuponya.

Injini iliyolala miaka usiipige stata siku ya kwanza. Toa plagi za cheche, weka vijiko viwili vya oili nyepesi kila silinda, acha siku mbili, zungusha kwa mkono. Ikizunguka huru, badilisha oili na filta, piga stata bila plagi hadi geji ya oili ipande, ndipo upime mgandamizo. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 15, tafuta sababu kabla ya kununua kitu kingine chochote. Tapeti zake, vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua vali, ni bapa, kwa hiyo chagua oili yenye zinki, takriban sehemu 1,000 hadi 1,200 kwa milioni. Oili nyingi za magari ya sasa zina pungufu ya hapo, na kamshafti hulika meno yake kimyakimya. R1, kwa mgandamizo wake, inataka petroli ya okteni ya juu.

Supachaja ya R2 hupokea mwendo kupitia mipira ya chuma inayobana kati ya pete. Oili yake ni yake peke yake na ina kijiti chake cha kupimia. Wengi hutumia mafuta ya gia otomatiki ya aina ya F. Ikikauka, mipira hukwaruza pete na huo ndio mwisho wake. Zungusha puli kwa mkono, mkanda ukiwa umetolewa: iwe laini, bila mkwaruzo. Presha ya kawaida ni karibu pauni 5 kwa inchi ya mraba. Pungufu ya hapo, angalia mkanda unaoteleza kabla ya kuifungua.

Tangi la petroli liko nyuma ya kiti cha nyuma, ndani ya umbo la gari. Harufu ya petroli ukiwa umekaa mbele si kasoro ndogo ya uzee. Badilisha mpira wa shingo ya tangi, mipira ya hewa na ile midogo ya mwisho wa bomba kwa aina inayohimili ethanoli, na uchunguze muhuri wa geji juu ya tangi.

Usukani mzito mara nyingi hauna ugonjwa zaidi ya kukosa grisi. Magurudumu ya mbele yako kwenye kingipini, pini nene ambazo hugeukia, na katikati ya fremu pana mkono wa kugeuzia unaogoma usipopata grisi. Inua magurudumu ya mbele hewani unapoweka, ili grisi ipenye upande unaobeba uzito, na urudie kila kilomita 1,600 hivi. Pampu ya grisi ikikataa, kitako kimeziba, kitoe, usikiruke.

Kuhusu mpangilio wa kazi: mihimili na fremu, kisha breki, kisha petroli na umeme, kisha injini, na rangi mwisho kabisa. Wenye haraka huanza na rangi kwa sababu inaonekana, halafu mihimili mipya inapoingia bodi inasogea milimita chache na rangi inapasuka kwenye pembe za milango.

Gari likianza kutembea, kilomita 80 za kwanza ziwe karibu na karakana. Kisha kaza upya nati za magurudumu, nati za vitovu vya nyuma, vishikizo vya bodi na bolti za manifodi, angalia kila kiungo cha breki kwa tochi, na upime tena zile hanamu mbili za mlango kwa karatasi uliyoandika siku ya kwanza.

Nawashukuru. Kama kuna aliyeleta picha za chini ya gari analotaka kununua, tuziangalie sasa.